NASABA YA AKINA SPENCER: JINA MOJA SI UKOO MMOJA

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, twasoma habari za makuhani waliorudi kutoka Babeli pamoja na wenzao, wakajitafuta katika orodha ya nasaba wasijione. Basi wakawekwa kando na kazi ya ukuhani mpaka shauri lao likatwe. Tena mmoja wa wazee wao alikuwa ameoa katika nyumba ya Barzilai, akatwaa jina la upande wa mke. Wengi wetu twaipita sura ile upesi, tukidhani kuwa majina matupu hayana mafundisho. Walakini mna jambo kubwa ndani yake. Watu wale walikuwa na jina, tena yamkini walikuwa na habari za mdomo walizopokea kwa baba zao. Walilokosa ni ushahidi. Na wakubwa wa wakati ule hawakukubali jina liwe badala ya ushahidi.

Maneno hayo yalinirudia moyoni niliposoma tena habari za ukoo mmoja wa Kiingereza, akina Spencer wa Wormleighton na Althorp, na shindano lililotokea juu ya asili yao. Nimeona vema kuwaandikia walimu wenzangu na mapadre habari hizi kwa kuzipima, si kwa kuzisimulia tu. Maana katika ukoo huu kila kosa awezalo kulifanya mwandishi wa nasaba limefanywa, tena likafichuliwa. Na makosa hayo si ya Waingereza peke yao.

Ukoo wenyewe

Habari zilizo thabiti za akina Spencer hazianzii katika majumba ya wafalme, bali zaanzia katika malisho ya kondoo. Mwishoni mwa karne ya 15 watu wa jina hili walikuwa wakulima na wafugaji katika majimbo ya Warwick na Northampton, katikati ya Uingereza. Mwaka wa 1486 mmoja wao, John Spencer, alikuwa mpangaji huko Althorp. Mtoto wa ndugu yake, aliyeitwa John vilevile, alitajirika kwa biashara ya mifugo. Mwaka wa 1506 akanunua Wormleighton, na mwaka wa 1508 akanunua Althorp. Mfalme Henry wa Nane akampa heshima ya kuitwa Sir. Alifariki mwaka wa 1522, akazikwa katika kanisa la Great Brington karibu na Althorp, ambamo makaburi ya ukoo huu yaonekana hata leo.

Kutoka kwa mtu huyu silsila ni wazi, kiungo kwa kiungo: John akamzaa William, William akamzaa John, na John huyo akamzaa John mwingine, na huyu akamzaa Robert. Naye Robert, mtu wa kizazi cha tano, alifanywa baroni na mfalme James mwaka wa 1603. Uzao wao haujakoma. Bwana Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, ni wa ukoo huu kwa upande wa baba. Na Diana Spencer, aliyeolewa mwaka wa 1981 na Charles, aliyekuwa wakati ule mrithi wa ufalme, alikuwa wa nyumba ya Althorp yenyewe.

Basi, wafugaji wa kondoo walipanda wakawa malodi katika muda wa miaka mia moja hivi. Mtu mwenye akili angeona fahari ya kutosha katika habari hiyo. Lakini wakubwa wa Kiingereza wa karne ya 16 hawakuona hivyo. Mali mpya ilikuwa kama nguo iliyoazimwa. Mwenye nayo alitaka watu waamini kwamba alizaliwa ameivaa.

Asili ya jina

Kabla ya kuipima nasaba yatupasa kulipima jina. Majina ya koo za Kiingereza hayakuwapo tangu kale. Yalianza kushika baada ya Wanormandi kuishinda nchi mwaka wa 1066, kwanza kwa wenye ardhi, kisha kwa watu wa kawaida. Na ilipofika karibu na mwaka wa 1400 sehemu kubwa ya Waingereza walikuwa na jina lililorithiwa na mtoto kwa baba. Aghalabu majina hayo ni ya namna nne. Mengine ni ya mahali, kama Hill, yaani mlima, au Wood, yaani msitu. Mengine ni ya baba, kama Johnson, mwana wa John. Mengine ni ya sifa au ya utani, kama Long, mrefu. Na mengine ni ya kazi: Smith ni mhunzi, Taylor ni mshoni, Fletcher ni mfanya mishale, Cooper ni mfanya mapipa.

Spencer ni jina la kazi. Latoka katika neno la Kifaransa cha kale, despensier, ambalo makarani wa zamani waliliandika kwa Kilatini dispensator. Maana yake ni mtu aliyeshika funguo za ghala katika nyumba ya bwana, akawagawia watu posho, vyakula na vinywaji. Na hapa ndipo lilipo jambo lote la uhakiki huu. Kila nyumba kubwa ilikuwa na ghala, na kila ghala ilikuwa na mwenye funguo zake. Nyumba ya mfalme ilikuwa na mgawa posho wake, na nyumba ya askofu ilikuwa na wake, na nyumba ya watawa ilikuwa na wake. Watu hao hawakuwa ndugu, hawakujuana, wala hawakutoka katika jimbo moja. Lakini wajukuu wao wote waliweza kuitwa Spencer. Kwa hiyo anayesema, “Huyu ni Spencer na yule ni Spencer, basi ni watu wa damu moja,” ni sawasawa na asemaye kuwa wahunzi wote wa nchi ni watoto wa mhunzi mmoja.

Tena herufi hazisaidii. Zamani zile hapakuwa na tahajia moja. Mtu aliandikwa Spencer leo na Spenser kesho, na karani wa tatu akaandika Le Despenser. Hata William Shakespeare, mwandishi mkubwa kupita wote wa lugha ile, hakuliandika jina lake kwa namna moja katika sahihi zake sita tulizo nazo. Kwa hiyo tofauti ya herufi si hoja ya kuwatenga watu, wala mfanano wa herufi si hoja ya kuwaunga.

Nasaba iliyotungwa

Katika karne za kati palikuwa na ukoo mkubwa wa Despenser. Hugh le Despenser na mwanawe, Hugh vilevile, walipendwa na mfalme Edward wa Pili na kutawala mambo yake, hata maadui zao wakawaua wote wawili mwaka wa 1326. Ijapokuwa mwisho wao ulikuwa wa kutisha, damu yao ilihesabiwa kuwa damu kubwa. Na jina lao, mtu akikata silabi ya kwanza, ni Spencer.

Sasa Uingereza ilikuwa na wakuu wa nembo, yaani watumishi wa mfalme waliopewa kazi ya kutunza alama za ngao za waungwana na kuandika nasaba zao. Chama chao kilipewa hati ya mfalme mwaka wa 1484, na nyingine mwaka wa 1555. Tangu mwaka wa 1530 hata karibu na mwisho wa karne ya 17 walikuwa wakizunguka majimboni, wakiwaita wenye nembo waje na ushahidi wao. Kazi hii ilikuwa na faida, maana walihifadhi mengi ambayo yangalipotea. Lakini ilikuwa na hatari pia, kwa sababu mwenye kuandikiwa nasaba ndiye mwenye kuleta habari, naye ndiye mwenye kulipa ada.

Mnamo mwaka wa 1595 mkuu mmoja wa nembo, Richard Lee, mwenye cheo kiitwacho Clarenceux, aliwaandikia akina Spencer nasaba iliyowapandisha moja kwa moja hata kwa akina Despenser wa kale. Tangu hapo wakaichukua nembo ya Despenser, wakiongeza maganda matatu ya kombe ili kuonyesha kuwa wao ni tawi tu. Nasaba hiyo ilinakiliwa kitabu hata kitabu kwa muda wa miaka mia tatu, na kila mwandishi alimshuhudia aliyemtangulia. Hivi ndivyo uongo unavyopata mvi na kuheshimiwa kama mzee.

Aliyeupasua uongo huo ni Bwana John Horace Round, mwanachuoni wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka wa 1854 akafa mwaka wa 1928. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1901 juu ya nasaba za wakubwa aliandika sura nzima juu ya kuinuka kwa akina Spencer. Alirudi kwenye hati zenyewe, akaonyesha ya kuwa Lee alikusanya watu mbalimbali walioitwa Spencer katika hati za zamani, akawaunga kuwa baba na mwana pasipo hati isemayo kwamba walikuwa baba na mwana. Watu walikuwa wa kweli. Undugu wao ndio uliotungwa. Ni kama mtu aliyekusanya shanga za kweli kutoka mikufu kumi, akazitunga katika uzi mmoja, akasema, “Tazameni mkufu wa bibi yangu.”

Lakini hata kabla ya kufika kwenye hati hizo, msomaji mwangalifu angaliweza kushuku kwa jambo moja lililokuwa wazi kwa wote, nalo ni nembo yenyewe. Mwaka wa 1504 John Spencer, yule mfugaji, alipewa nembo mpya, yenye vichwa sita vya ndege shakwe. Kama angalijua kuwa yeye ni wa damu ya Despenser, angaliomba nembo mpya kwa nini? Mwenye nyumba haombi hodi kwake. Mtu aliyekuwa karibu zaidi na asili ya ukoo, kwa miaka tisini, hakudai kitu hicho. Na waliokuwa mbali zaidi ndio waliokidai. Hii ni kanuni ya kushikwa na kila mhakiki: nasaba inayozidi kujua mambo ya kale kadiri ya miaka inavyopita, na ishukiwe.

Ushahidi wa pili twaupata katika Baraza la Malodi, mwaka wa 1621. Yasimuliwa ya kuwa Robert, Lodi Spencer, alipokuwa akinena habari za mababu wa malodi, Lodi Arundel alimkatiza akisema kwamba mambo hayo yalipotendeka wazee wa Spencer walikuwa wakichunga kondoo. Spencer akamjibu kwamba, hao wakichunga kondoo, wazee wa mwenziwe walikuwa wakifanya njama za uhaini. Jibu lilichoma, kwa sababu babu yake Arundel alikuwa amekatwa kichwa kwa ajili ya uhaini mwaka wa 1572. Maneno ya shindano hilo yametufikia kwa namna zaidi ya moja, kwa hiyo tusiyashike neno kwa neno. Lakini kwamba Arundel alikataa kuomba radhi akatiwa gerezani katika Mnara wa London, hilo limeandikwa.

Na tulipime jibu lile. Ilikuwa imepita miaka 26 tu tangu Lee alipoandika nasaba yake. Kama Spencer angaliiamini kwa moyo wote, jibu lake lilikuwa tayari: “Wazee wangu hawakuchunga kondoo, walikuwa washauri wa wafalme.” Hakusema hivyo. Aliwakubali wachungaji wake mbele ya baraza zima, wala hakuona haya. Nasaba ya Lee ilichorwa kwenye ngao, lakini siku ya hasira ulimi ulisema kweli. Wahenga walisema, “Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha,” na kwa siku ile moja nahodha aliukumbuka ubaharia.

Kumpima mhakiki mwenyewe

Haifai kumpima Lee tukamwacha Round. Kazi yake ni njema, nayo imesimama. Walakini naona katika maandishi ya namna yake upungufu wa mambo mawili.

La kwanza, alikuwa na dharau kali kwa waliodanganyika, kana kwamba kosa la nasaba ni ujinga tu au wizi tu. Nasaba ya uongo nayo ni ushahidi. Haishuhudii wazee inaowataja, bali yashuhudia watu walioitaka. Hati ya Lee haitufundishi neno lolote juu ya karne ya 13, lakini yatufundisha mengi juu ya karne ya 16: kwamba mali ya kondoo ilikuwa imewainua watu wengi upesi, na kwamba watu hao waliogopa kuitwa wageni mezani pa wakubwa. Hata mshairi Edmund Spenser, aliyetoka katika nyumba isiyo na utajiri, aliwatolea mashairi yake ya mwaka wa 1591 mabibi watatu, binti za Sir John Spencer wa Althorp, akijinasibu kuwa jamaa yao. Kwa hiyo wa Althorp walijishikiza kwa Despenser, na mshairi akajishikiza kwa wa Althorp. Kila mtu alipanda bega la aliye juu yake.

La pili, wasomaji wengi wa Round walivuka mpaka wa hoja yake. Kuvunja ushahidi wa jambo si kuthibitisha kinyume chake. Twajua kwamba nasaba ya Lee haikubaliki. Hatujui, wala hatuwezi kusema, kwamba hakuna tone la damu ya Despenser katika mkulima yeyote wa Warwick. Mhakiki wa haki husema, “Hapa hati zakoma,” akanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kubomoa.

Ukoo mmoja, majina mawili

Ikiwa jina moja laweza kuwa la koo nyingi, kadhalika ukoo mmoja waweza kuwa na majina mawili. Mfano wake mashuhuri ni Oliver Cromwell, aliyeitawala Uingereza bila mfalme, akafa mwaka wa 1658. Kwa upande wa baba zake hakuwa Cromwell. Mtu mmoja wa Wales, Morgan Williams, alimwoa Katherine Cromwell, dada wa Thomas Cromwell, waziri wa Henry wa Nane. Mwana wao Richard aliona kwamba jina la mjomba lina nguvu kuliko la baba, akalitwaa. Richard huyo ndiye baba wa babu yake Oliver, na kwa vizazi kadhaa katika baadhi ya hati ukoo uliandikwa majina yote mawili, Williams na Cromwell. Mtu afuataye jina peke yake atapotea hapo, atawatafuta wazee wa Oliver katika nyumba isiyo yao.

Akina Spencer wenyewe walipatwa na jambo hilo. Charles Spencer alimwoa Anne, binti wa jemadari John Churchill, mwaka wa 1700. Na mwaka wa 1733 mwana wao akarithi cheo cha Duke wa Marlborough kwa njia ya mama. Hata hivyo waliendelea kuitwa Spencer mpaka mwaka wa 1817, ndipo walipoongeza jina la Churchill. Kwa hiyo Bwana Winston, ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Churchill, kwa baba na baba wa baba alikuwa Spencer. Ndivyo alivyofanya yule kuhani wa kitabu cha Ezra: alitwaa jina la nyumba ya mke, na vizazi vya baadaye vikasumbuka.

Njia ya kutafuta

Ni wapi, basi, panapopatikana ushahidi ulio imara? Kwa watu wengi wa Uingereza wa karne zile wasio na ngao wala majumba, jibu ni moja: daftari la kanisa. Na aliyeagiza daftari hilo, kwa ajabu ya mambo, ni yule Thomas Cromwell mjomba. Mwaka wa 1538, kwa amri ya mfalme, aliagiza kila kasisi awe na buku, na kila Jumapili, mbele ya mzee wa kanisa, aandike harusi, ubatizo na maziko ya juma lililopita. Buku liwekwe katika kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na mwingine kwa wazee wa kanisa. Anayeacha kuandika alipe shilingi 3 na pensi 4, nazo zitumike kutengeneza kanisa. Mwaka wa 1598 ikaamriwa yale yaliyoandikwa katika karatasi yanakiliwe katika ngozi, hasa tangu mwanzo wa enzi ya Elizabeth, mwaka wa 1558. Tena kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Ndiyo sababu madaftari mengi yaliyosalia yaanza mwaka wa 1558, kwa kuwa wanakili wavivu waliziacha kurasa za nyuma. Ubatizo wa Shakespeare, tarehe 26 Aprili 1564, twaujua kwa nakala ya namna hiyo. Serikali yenyewe haikuanza kuandika vizazi na vifo vya watu wote mpaka mwaka wa 1837. Kwa muda wa miaka mia tatu kumbukumbu ya taifa ilikuwa kalamu ya kasisi.

Kazi hiyo haikuwa ya fahari tu. Mwaka wa 1563 Askofu Mkuu Matthew Parker alitoa orodha ya jamaa wasioruhusiwa kuoana, ikatundikwa makanisani. Na kasisi atawezaje kuishika orodha hiyo asipojua nani ni mtoto wa nani? Urithi vilevile: wasia ulithibitishwa katika mabaraza ya kanisa mpaka mwaka wa 1858, na wasia ni ushahidi bora kuliko nembo, kwa kuwa mtu anayekaribia kufa huwataja watoto alio nao, si wazee anaowatamani.

Hata katika madaftari yatupasa kuangalia. Palikuwa na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1642, ambapo mengi yaliachwa bila kuandikwa. Tena mpaka mwaka wa 1751 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, siku ya Bikira Mariamu kupashwa habari. Mtu akiona katika daftari harusi ya Aprili 1600 na ubatizo wa Februari 1600, asiwahukumu wale wazazi kwamba walipata mtoto kabla ya ndoa. Februari ile kwa hesabu yetu ni ya mwaka wa 1601, na mtoto amekuja kwa halali. Wangapi wametukanwa makaburini mwao kwa sababu msomaji hakujua kalenda!

Kwa ufupi kanuni ni hizi. Anza na unayemjua, upande juu hatua kwa hatua. Usianze kwa mkubwa wa kale ukashuka kumtafutia wajukuu. Kila kiungo cha baba na mwana kiwe na shahidi wake peke yake. Shahidi aliye karibu na tukio ashinde aliye mbali. Na mahali ushahidi unapokoma, weka kalamu chini.

Faida kwetu

Msomaji ataniuliza, “Mambo ya malodi wa Kiingereza yatuhusu nini?” Yatuhusu kwa sababu sisi nasi twashika kalamu. Desturi yetu ya kumwita mtu kwa jina la baba, Ali bin Salim, Salim bin Hamisi, ni kama ya Wales ya kale, ambako jina lilibadilika kwa kila kizazi. Siku mtoto alipoandikwa shuleni au kanisani, mara nyingi jina la baba lilikauka likawa jina la ukoo, na ndugu wa tumbo moja walioandikwa na makarani wawili wakatoka na majina mawili. Miaka mia ijayo mtafutaji atasema hao si ndugu. Kosa halitakuwa lake, litakuwa la aliyeandika.

Vilevile walimu wengi wamejitia katika kazi njema ya kuandika nasaba za wenyeji kutoka midomo ya wazee. Mimi mwenyewe nimepata kuandika nasaba ya ukoo mmoja kwa mzee, na kesho yake ndugu yake akanipa nyingine iliyopungua vizazi viwili, lakini iliyozidi mfalme mmoja. Nilishawishika kuziunga ziwe moja nzuri. Nikakumbuka Lee, nikaziandika zote mbili, kila moja na jina la aliyeisema. Hata habari za wafalme wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili, ya Kiarabu na ile ya Mreno João de Barros iliyochapwa mwaka wa 1552, nazo hazipatani katika mambo yote. Na wenye elimu wamefaidika zaidi kwa kuziona mbili zikitofautiana kuliko wangalivyofaidika kwa moja iliyolainishwa.

Wahenga husema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Wengine huitumia methali hii kumtia mtu haya ili atafute asili kubwa. Mimi naiona kinyume. Aliyeiacha asili ni yule aliyewakana wachungaji wake wa kondoo, akaazima wazee wa watu wengine. Huyo ndiye mtumwa, maana amejiweka chini ya jina lisilo lake. Na mtumishi wa kanisa anayeandika katika daftari lake jina la mtoto wa mkulima, jina la baba, jina la mama, na siku yenyewe, kwa wino mzuri na bila kuongeza neno, amemfanyia mtoto yule jambo ambalo mkuu wa nembo hakuweza kuwafanyia akina Spencer kwa dhahabu yao yote. Siku atakapojitafuta katika orodha, atajiona.